Seva ya Kutoka

Mimi naandika polepole. Si kwamba nafikiri sana, ni vidole tu. Natafuta herufi moja, naibonyeza, naangalia kama imetokea, kisha natafuta nyingine. Nilijifunza hivyo kwenye kompyuta ya mzee mmoja ninayemtunza Masaka, hapa Rwanda, na mpaka leo sijui namna nyingine.

Shule nilimaliza ya msingi tu, huko Karagwe upande wa Tanzania, kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Nilirudi na Kiswahili kizuri na Kinyarwanda cha kuchekwa. Nikienda dukani kununua sabuni, vijana wa pikipiki waliokuwa wanangoja abiria walikaa kimya makusudi wakisubiri nifungue mdomo. "Mtanzania, sema kidogo tusikie," mmoja alikuwa ananiambia. Nikisema, wanarudia nilivyosema, na mwenye duka anacheka huku ananipa chenji. Basi nikaacha kusema. Nilikuwa naonyesha kitu kwa kidole, napewa, naondoka.

Nadhani kazi niliipata kwa sababu ya kunyamaza huko. Bosi alitaka mtu wa kumwangalia baba yake, mtu asiye na maneno mengi wala marafiki wa kuja kugonga geti. Nyumba yake ilikuwa mpya, na kuzunguka kwake bado kulikuwa na vishamba vya maharage na mihogo ambavyo wenyewe walikuwa hawajajenga. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko mimi. Bosi alifanya kazi ofisini Kimihurura, akitoka asubuhi mapema na kurudi jioni. Mkewe na watoto walikuwa Kampala kwa ajili ya shule. Siku nyingi tulikuwa watatu tu katika nyumba ile: bosi, baba yake na mimi.

Mzee alikulia Bujumbura, katika mtaa ambao Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya uani na ya sokoni. Huko ndiko alikofanya kazi ya ukarani kwenye ghala la kahawa, na huko ndiko walikozaliwa watoto wake wawili, yaani bosi na dada yake ambaye sasa yuko Ubelgiji. Nilipomsalimia mara ya kwanza aliniangalia usoni kwa makini, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kiswahili chako kimepigwa pasi. Chetu tulikuwa tunakivaa hivyo hivyo kikiwa na mikunjo."

Nilichelewa kuelewa kwa nini aliniambia nirudie. Nilifikiri ni utani. Baada ya siku chache nikaona kwamba kila ninalosema ananiambia nirudie, na nikirudia anaangalia mdomo wangu, wala si macho yangu. Mzee alikuwa hasikii. Labda alisikia mlango ukipigwa kwa nguvu, au radi. Sauti yangu mimi, ambayo hata anayesikia vizuri huiinamia, ilikuwa haimfikii kabisa; machache aliyoyapata aliyasoma mdomoni.

Siku moja aliniita chumbani kwake, akawasha kompyuta ya zamani aliyonunuliwa na binti yake, akavuta kiti, akasema, "Andika unachotaka kuniambia." Nikaandika kwamba chai iko tayari. Akakuza herufi mpaka zikawa kubwa kama vidole, akasoma, akacheka. Tangu hapo tuliongea hivyo: yeye kwa mdomo, mimi kwa vidole. Nilikuwa sijawahi kuongea na mtu kiasi kile. Kwenye kompyuta hakuna aliyecheka nilivyotamka.

Bosi alikuwa hajui kwamba baba yake hasikii, na hapo ndipo nitalazimika kueleza kidogo. Kwao, mtoto hamwambii baba neno zito kwa sauti ya juu, wala hamtazami usoni. Bosi alikuwa anakaa karibu na baba yake jioni, macho kwenye sahani, anaongea chini chini, muda mrefu wakati mwingine. Nami jikoni sikuwa napata zaidi ya mvumo. Baba naye anaangalia ule mdomo, anasubiri mpaka utulie, kisha anatikisa kichwa taratibu kuitikia na kusema, "Ni sawa, mwanangu." Kumuuliza baba "umenisikia?" ingekuwa utovu wa adabu. Kumwambia mtoto "sikukusikia" Mzee aliona aibu. Hivyo kila mmoja alimheshimu mwenzake, na wakaendelea.

Mzee alikuwa na sababu nyingine ya kuficha. Alikuwa na shamba lake Gahanga, na nyumba ndogo ya matofali ambayo haijapigwa lipu, na miparachichi aliyoipanda mwenyewe aliporudi kutoka Burundi. Cheti cha ardhi alikiandikisha kwa majina ya watoto wake wawili. Alichotaka ni kwenda kuishi kule, basi. Mara moja kabla sijaanza kazi alitoka kimya kimya akafuata barabara kwa miguu, akakutwa mbali, amekaa kando ya mtaro, akarudishwa na pikipiki. Tangu siku hiyo bosi akitoka alifunga geti kwa kufuli, kwa nje. "Sitaki nipigiwe simu kwamba baba yangu amegongwa na lori," aliniambia. Nilimwelewa. Lakini kila asubuhi kufuli ilikuwa inalia nje. Mzee alikuwa anafungiwa, na mimi nilikuwa nafungiwa naye. Ingejulikana kwamba hata honi hasikii, Gahanga ingekuwa imekwisha.

Jumapili ilikuwa siku ya barua. Mzee alivaa koti, akakaa upande wangu, akanitajia maneno ya kumwandikia binti yake. Mikono yake ilitetemeka, hakuweza kubonyeza mwenyewe. Alikuwa anataja sentensi moja na kunisubiri, kama mtu anayesubiri ndoo ijae. Tulimwandikia habari za mvua, za kuku wa jirani, za mjukuu kama ameota meno. Nikimaliza nabonyeza picha ya bahasha, barua inaondoka mbele ya macho yetu, na Mzee anafanya ishara ya msalaba. Kisha anainama na kuchomoa waya wa kompyuta ukutani. Umeme pale ni wa kununua kabla ya kutumia, na yeye hakupenda uliwe bure.

Barua za binti zilikuwa zinaingia. Mzee alizisoma pua ikikaribia kugusa kioo. Alikuwa binti wa maneno mazuri, lakini hakuwa anajibu tunachomuuliza. Tukiuliza meno ya mtoto, yeye anaandika habari za kazi. Barua zake zote ziliisha na ombi lile lile: Baba, niandikie basi, hata mstari mmoja. Mzee alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Huyu hatosheki," alisema. "Namwandikia kila Jumapili na bado analia njaa."

Sasa nafika kwenye ile Jumamosi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Asubuhi hiyo kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kufanya kazi ya jamii. Maduka yanafungwa, pikipiki hazitembei, barabara inakuwa kama ya siku ya msiba. Mimi pia nilitakiwa kwenda, kwa kuwa ni mtu mzima, lakini Mzee hawezi kuachwa peke yake. Bosi alichukua jembe akaenda kwa niaba ya nyumba. Walikuwa wanachimba mtaro huko chini, si mbali. Kufuli ikalia. Nikabaki nasikiliza majembe.

Mzee akasema tufungue kompyuta tusome kama kuna barua. Ilikuwepo moja. Binti alimwandikia baba yake kwamba kaka amepata mtu wa kununua shamba la Gahanga, na kwamba kaka anasema alimweleza baba vizuri na baba akakubali. Kwa sababu jina lake nalo liko kwenye cheti, Jumatatu asubuhi angekwenda kusaini karatasi za kumruhusu kaka auze. Kisha akaandika: "Baba, mimi sijapata neno lako muda mrefu. Kama hutaki, niambie. Ukinyamaza nitajua kwamba kaka amesema kweli."

Mzee alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Nilimsikia anapumua. Nikaandika chini ya barua ile, kwa herufi kubwa: Mzee, bosi alikwambia lini?

Alikuwa anaangalia goti lake.

"Kuna asubuhi moja barazani," akasema. "Wewe ulikuwa nyuma unafua. Alikaa, akaongea sana, akaniwekea mkono hapa gotini. Nikafikiri anamkumbuka marehemu mama yake." Akaligusa goti lile. "Nikamwambia ni sawa."

Nikaandika kwamba bosi akirudi tumwambie. Mzee akatikisa kichwa kukataa, na safari hii hakutikisa taratibu. Alisema akimwambia mwanawe kwamba hakusikia, kitakachofuata ni maswali: tangu lini, kiasi gani. Baada ya hapo hakuna mtu atakayemruhusu kulala peke yake Gahanga hata usiku mmoja. Heri aandike kwa binti. Binti asiposaini, shamba haliuziki, na hakuna atakayeuliza habari za masikio.

Lakini barua yenyewe ilimshinda. Alianza kutaja, akaniambia nifute, akaanza tena. Alitaka kusema hapana bila kusema kwa nini alisema ndiyo. Haikuwezekana: kila alivyoigeuza, kaka alionekana mwongo. Mwisho alitaja maneno haya, nami nikayaandika kama yalivyo: "Kaka yako hakudanganya. Aliniambia, nami nikasema ni sawa, lakini sikusikia alichosema. Sisikii, mwanangu. Gahanga msiuze."

Nikabonyeza bahasha. Barua ikaondoka. Mzee akafanya ishara ya msalaba, akainama kushika waya, kisha akaacha. Akasema leo tungoje, huenda binti ameamka na atajibu sasa hivi. Tukangoja, kompyuta ikiwa inawaka.

Ndipo tukaona kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Baada ya muda kidogo kilitokea kidirisha katikati ya kioo, chenye maneno ya Kifaransa. Mimi Kifaransa sijui. Mzee akasogeza pua, akasoma kwa sauti, akanitafsiria neno kwa neno. Barua haikuweza kutumwa. Seva ya kutoka haijibu.

Akaniuliza seva ni kitu gani. Nikaandika kwamba nafikiri ni kama posta. Upande wa kushoto kulikuwa na majina ya masanduku ya barua, na moja lilikuwa na maandishi meusi zaidi kuliko mengine. Nililibonyeza. Nilipoona kilichomo nilitamani kulifunga kabla Mzee hajaona, lakini alikuwa ameshaona. Barua zetu zilikuwa mle. Jumapili zote. Mvua, kuku wa jirani, meno ya mtoto, zimepangana moja juu ya nyingine, hakuna hata moja iliyotoka. Kila Jumapili tulikuwa tunachomoa waya kabla kidirisha hakijatokea kutuambia.

Mzee alizipitia moja moja kwa kidole. "Kumbe tuko nazo humu humu ndani," akasema.

Kwa mbali majembe yalikuwa yanaendelea. Nilijua kwamba yakinyamaza, watu wanakaa kwa kikao, na kikao kikiisha bosi anarudi. Akirudi, kompyuta haitakuwa yetu tena. Alikuwa na kawaida ya kukaa na baba yake Jumamosi mchana kutwa, na Jumapili hiyo alikuwa amepanga kumpeleka kwa ndugu zao mpaka jioni. Kama barua haitoki asubuhi ile, isingetoka kabla ya Jumatatu.

Nikaanza kutafuta. Nilibonyeza juu, Mzee akasoma. Nilibonyeza pengine, akasoma tena. Alikuwa anasoma kwa sauti ya mtu asiyejisikia, mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mwisho tulifika ukurasa wenye visanduku vingi, umegawanywa mara mbili. Juu, Mzee akasema, ni seva ya kuingia. Chini ni seva ya kutoka. Ya kuingia ilikuwa na jina la kampuni yenye anwani yake ya barua pepe. Ya kutoka ilikuwa na jina jingine kabisa, na jina hilo nililijua. Lilikuwa kwenye stika ya kiboksi cha zamani cha intaneti, ambacho bosi alikitoa alipohamia kampuni nyingine, na ambacho mimi mwenyewe nilikiweka stoo. Kiboksi kipya kilikuwa juu ya kabati, kinawakawaka. Mbavuni kwake palikuwa na namba ya simu ya msaada.

Mzee aliiona wakati mmoja na mimi. Akainua kidole kuionyesha, kisha akakigeuza kunielekea. Hakuwa na haja ya kusema. Yeye simu haimfai kitu.

Simu yangu ilikuwa ndogo, ya vitufe. Niliishika mpaka ikapata joto. Nilikuwa sijawahi kumpigia mtu nisiyemjua. Nilitunga kichwani sentensi moja ya Kinyarwanda, nikaisema kimya kimya, nikaona imeharibika, nikaitunga tena. Mzee alikuwa ananiangalia mdomo, anasubiri utoke kitu.

Nikapiga. Muziki ukalia muda mrefu, kisha mwanaume akaanza kuongea Kinyarwanda cha haraka, jina lake, jina la kampuni, anisaidie nini. Ile sentensi yangu ikatoka nusu. Nikasikia ukimya upande ule, nikajua anacheka.

"Samahani," nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda kilikuwa kimeisha. "Barua zinaingia lakini hazitoki."

Hakuwa anacheka. Alikuwa anasubiri. "Unatoka Tanzania?" akaniuliza kwa Kiswahili chake. "Sema tu, kaka, nasikia. Zinaingia, hazitoki. Hiyo iko kawaida. Soma kwenye kutoka wameandika nani."

Nikamsomea. Akacheka kweli sasa, lakini hakunicheka mimi. Akanieleza kwamba barua zilikuwa zinaenda kugonga kwa kampuni ya intaneti ya zamani, na kampuni ile haimfungulii mtu ambaye si mteja wake. Kuingia ni sawa, kwa sababu wanaotuletea ni wale wenye barua pepe. Akasema pia kwamba hiyo si kazi ya kampuni yao, kazi yao ni intaneti tu, na alitakiwa anielekeze kwingine. Hapo nikaona simu inataka kukatwa, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua:

"Kaka, usikate. Hapa kuna mzee. Ni barua ya shamba lake."

Akaniambia nishike kipanya.

Aliniambia nifute jina lile la chini, niandike jina la wale wale wenye barua pepe, ila mwanzo wake niweke herufi s, m, t, p na nukta. Nilikuwa natafuta herufi moja moja. Alinisikia ninavyobonyeza, akauliza kama kompyuta imekwama. Nikamwambia hapana, ni mimi. Kisha namba ya mlango wa seva: ilikuwa ishirini na tano. "Hiyo toa. Weka tano, nane, saba." Kisha kuna mahali pa kuweka alama kwamba seva ya kutoka inataka kujua wewe ni nani kabla haijachukua barua. Mzee akapasoma, nikaweka alama. "Sasa itataka jina na paswadi," akasema yule mtu. "Ni zile zile za kuingia. Paswadi mnaijua?"

Nikamwandikia Mzee pembeni: paswadi? Alikuwa anaijua. Binti alimfanya aikariri. Akainama karibu na sikio langu, kama mtu anayenong'ona siri, na akaitaja kwa sauti iliyofika barabarani. Lilikuwa jina la mtaa wao wa Bujumbura pamoja na namba ya nyumba. Upande wa pili wa simu yule mtu akasema, "Hata mimi nimeshaijua. Mkimaliza muibadilishe."

Nilipoinua kichwa kumshukuru, niligundua kwamba majembe yamenyamaza. Sijui yalikuwa yamenyamaza tangu lini.

Nikabonyeza tuma. Chini ya kioo ukatokea mstari wa kijani, ukaanza kujaa. Nilifikiri ni barua yetu ya asubuhi ile. Haikuwa hiyo. Kompyuta ilianza na ya zamani kuliko zote. Mvua ya kwanza ikatoka. Halafu kuku. Zilikuwa zinatoka kwa mpangilio tulioziandikia, kila moja inasubiri ya mbele yake, na ile ya Gahanga ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mstari. Mzee alikuwa anazitaja zikiondoka. "Hiyo ya ubatizo. Hiyo niliyokuwa na mafua." Mimi masikio yangu yalikuwa getini.

Kufuli ikalia. Mnyororo ukaanguka. Nikasikia bosi anapangusa gumboti zake kwenye jiwe, upande mmoja, kisha upande wa pili. Kwenye sanduku zilikuwa zimebaki chache. Nikasikia anaweka jembe ukutani. Mzee hakusikia lolote katika hayo. Alikuwa amenishika bega, macho kwenye ule mstari wa kijani.

Bosi alipofika mlangoni, sanduku lilikuwa tupu. Mimi nilikuwa bado na simu sikioni ingawa yule mtu alikuwa ameshaaga. Bosi akatuangalia, akauliza kuna nini, na kabla sijapata la kusema simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa dada yake. Inaonekana barua zilimfikia zote kwa mkupuo, akakimbilia ya juu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuandikwa.

Bosi alisikiliza. Tope lilikuwa linakauka kwenye gumboti zake. Alisema, "Nani amesema hivyo?" Akasikiliza tena. Akasema, "Ngoja," akashusha simu. Akasogea mpaka kwenye kiti cha baba yake, akachuchumaa, akaweka mkono kwenye lile goti, akainamisha macho, na akauliza kwa sauti yake ile ile ya chini:

"Baba, ni kweli husikii?"

Mzee aliuangalia mdomo wake. Alisubiri utulie. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Ni sawa, mwanangu," akasema.

Bosi alikaa chini sakafuni. Nilifikiri atanikasirikia, nikawa nimeshajikunja tayari. Lakini hakuwa na hasira. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasikia.

"Tangu mama afe namweleza huyu mzee kila kitu," akasema. "Kila kitu. Mambo ambayo hata mke wangu hayajui. Sasa nilikuwa naongea na nani?"

Nilinyanyuka kwenye kiti changu, nikamwonyesha. Akakaa. Nikafungua ukurasa mweupe, nikakuza herufi mpaka zikawa kama vidole, nikamsogezea kibodi. Bosi anajua kuandika haraka; ofisini kwao ndiyo kazi yake. Lakini aliandika neno "Baba" akasimama hapo, akalifuta, akaliandika tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu anayeandika polepole kuliko mimi.

Nikatoka nje. Geti lilikuwa wazi, kufuli inaning'inia kwenye mnyororo na ufunguo umo. Watu walikuwa wanarudi kutoka kikaoni na majembe begani. Yule kijana wa pikipiki alipita akiisukuma, kwa kuwa muda ulikuwa haujafika wa kuiwasha. "Mtanzania," akaniita, "leo umefunguliwa?"

"Mzee yuko ndani," nikamwambia. Nilisema hivyo tu. Hakurudia nilivyosema.

Nilisimama pale kwenye upenyo wa geti. Ningeweza kwenda hata mpaka dukani, na hakuna mtu angeniuliza. Sikwenda. Kutoka dirishani nilikuwa nasikia vidole vya bosi, kidogo kidogo, na kimya kirefu katikati, halafu sauti kubwa ya Mzee ikamjibu kitu ambacho barabara nzima ilisikia: "Hilo la ada ya shule ya watoto sikulijua. Lakini Gahanga hapana."

Jumatatu binti hakwenda kusaini. Shamba lipo mpaka leo, na Mzee hajahamia, kama alivyoogopa. Masikio yamejulikana, na bosi hawezi kumwacha kule peke yake. Tunakwenda naye baadhi ya Jumamosi, anazunguka miparachichi yake, jioni tunarudi. Geti bado linafungwa kwa nje, lakini bosi alitoboa tundu la kupitisha mkono, akachongesha ufunguo wa pili akauweka kwenye msumari jikoni, na siku nyingine nauangalia tu. Jioni bosi anakula akiwa mbele ya kompyuta, sahani mapajani. Na Jumapili, tukishabonyeza bahasha, Mzee anashika waya na kuniangalia mdomo.

"Imetoka?"

Naangalia mstari wa kijani unavyojaa. Namjibu kwa kupaza sauti, mpaka mbwa wa jirani anabweka.

"Bado, Mzee. Bado. Haya, imetoka."